Ngitili Haina Uzio: Siku Saba Usukumani

Siku ya kwanza, Jumatatu

Basi limeondoka Dodoma alfajiri, na kabla hatujafika Manyoni ujumbe wa mke wangu umeshaingia: "Ukirudi usisahau mkaa. Huko njiani bei ina huruma." Nikamjibu sawa, nikafumba macho.

Safari hii sikutumwa na mtu. Kwa miaka mingi nimeishi kwa kuandika ripoti za miradi ya wengine, na maneno "maendeleo endelevu" nimeyaandika mpaka yamechuja kama kanga ya kushindia. Kila mradi niliouandikia ulikuwa endelevu siku ya uzinduzi. Nilichokuwa sijakiona ni mradi uliokwisha, magari yakaondoka, bango likaota kutu, halafu maskini akabaki na kitu mkononi. Nilipowauliza wakongwe wa kazi hizi, zaidi ya mmoja alinijibu vilevile: nenda Shinyanga ukaangalie ngitili, yale malisho ya kufungwa ya Wasukuma.

Singida tumekula. Sekenke tumeteremka kwa breki na dua, na bonde la Wembere likatupokea na joto lake la Septemba, lile linalomfanya hata kondakta anyamaze. Igunga, Nzega, Tinde. Shinyanga mjini nimeshuka jua likizama. Nyumba ya wageni ina feni na maji ya bomba. Maji ya Ziwa Victoria, mhudumu amenisisitizia, kana kwamba alilivuta bomba yeye.

Siku ya pili, Jumanne

Asubuhi nzima nimekaa chini ya mwarobaini na bwana misitu mstaafu. Alikuwa kijana wakati HASHI inaanza, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, na alikuwepo ilipofungwa mwaka 2004. Nimeamkia, nimewekewa kiti, na kabla sijafungua daftari akaniuliza swali la kunipima: "Unajua hii nchi ilikatwa na nani?"

Nikataja mifugo mingi. Akatikisa kichwa. Akaanzia mbali, enzi za Waingereza, walipopambana na mbung'o. Ofisi ya utafiti wa mdudu huyo ilikuwa hapa hapa Shinyanga, chini ya mtafiti Mwingereza, Swynnerton, ambaye alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa waliyoiamini sana ilikuwa kufyeka vichaka, mbung'o akose kivuli. Basi watu wakafyeka, maeneo makubwa, na mbung'o akapungua kweli. Ng'ombe wakaongezeka. Kisha ikaja pamba, dhahabu nyeupe, ikataka mashamba mapya kila mwaka. Kisha miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji.

Hapo ndipo aliposhusha sauti. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya siku nyingi: kipande cha malisho kinachofungwa mvua za kwanza zinapoanza. Ng'ombe hawaingii humo masika yote, wanakula kwingine, na majani yanakua mpaka yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikishakolea, Julai au Agosti huko, kinafunguliwa, tena si chote kwa mkupuo bali kipande baada ya kipande, ili kifike mpaka mvua nyingine. Ni ghala, isipokuwa halina paa. Sasa mtu akihamishwa kupelekwa kijiji kipya, kilomita kadhaa kutoka kwake, ghala hilo nani alilinde? Likawa la kila mtu, maana yake likaliwa mwaka mzima.

"Ilipofika 1986," mzee alisema, "ngitili tulizoweza kuzihesabu mkoa mzima hazikuzidi hekta 600 hivi. Watu walikuwa wanatuita Jangwa la Tanzania. Wanawake wanapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba."

Nilimuuliza walifanyaje. Akacheka.

"Tulianza kwa kiburi, kijana wangu. Tulikuja na vitalu, na miche, mingine hata majina yake wanakijiji hawayajui. Tukamwambia mfugaji apande mti, amwagilie, auzungushie miiba. Maji ya kunywa yenyewe ya kutafuta! Miche ikaliwa. Tukaleta mingine, ikaliwa. Ndipo wenzetu wengine wakaanza kuuliza badala ya kufundisha. Zamani kiangazi mlikuwa mnalisha nini? Wakasema, tulikuwa na ngitili. Basi. Hatukugundua chochote sisi."

Kilichobaki kilikuwa kufunga. Miti haikuhitaji kupandwa kwa wingi, kwa sababu chini ya ardhi ile iliyoonekana imekufa mizizi na visiki vilikuwa hai, vinachipua kila mwaka na kila mwaka vinanyofolewa na mbuzi. Ukimwondoa mbuzi misimu mitatu minne, kichaka kinarudi chenyewe. Mradi ulipofungwa, ngitili zilizofufuliwa zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. (Makadirio yenye pengo la hekta laki mbili katikati! Lakini kwa jambo lililofanywa na watu maelfu, kila mmoja na kipande chake, wengine bila kumwambia mtu, nadhani pengo hilo ni uungwana.)

Mchana sikufanya kitu. Nimenunua betri za tochi.

Siku ya tatu, Jumatano

Noah ya abiria imenipeleka Kolandoto, kisha njia ya kulia hadi Mhunze, makao makuu ya Kishapu, tukiwa kumi na wawili ndani ya gari la watu saba. Kutoka Mhunze nimechukua bodaboda hadi kijiji ambacho mzee wa jana alinielekeza. Sitakitaja jina, na mbele itaeleweka kwa nini.

Njiani nimeaibika mapema. Tulikuwa tunapita katikati ya nchi tupu, ardhi imepasuka, upepo unainua vumbi, halafu upande wa kushoto kikatokea kichaka kinene cha migunga, na chini yake majani makavu yanafika magotini. Nikamwambia kijana, "Hili pori la nani limeachwa hivi?"

Akapunguza mwendo. "Bosi, hili halijaachwa. Hili ndilo linashikiliwa."

"Uzio wake uko wapi?"

"Uzio wa nini? Unaona ule mbuyu? Na kile kichuguu? Na lile korongo? Basi."

Nilishuka nikatazama. Hakuna waya, hakuna miiba, hakuna hata bango. Upande mmoja wa njia ya ng'ombe pana majani, upande wa pili hapana hata la kusugulia meno. Mstari umenyooka kama uliopigwa rula, na kilichouweka ni neno tu.

Mwenyekiti wa kitongoji amenipokea kwa "Mwadila," nami nikaitikia kwa Kisukuma changu cha kubahatisha, familia nzima ikafurahi kwa namna ambayo sikuwa na hakika kama ni sifa au kicheko. Jioni amenitembeza. Kajifunzia udongo kwa nyayo, na anautaja kama watu wanavyotaja ndugu: luseni, mchanga wa juu, ndipo nyumba zilipo na karanga zinapolimwa; itogolo, tambarare ngumu inayogoma kunywa maji; mbuga, udongo mweusi wa chini, unaonasa gurudumu masika na kuvunja kifundo cha mguu kiangazi. Ngitili ya kijiji imelala zaidi kwenye itogolo, ambako jembe halipati faida. Za watu binafsi zimetapakaa, nyingine hazizidi uwanja wa mpira.

Anayelinda ni nani? Sungusungu, wale wale walioanza mapema miaka ya 1980 kufukuza wezi wa ng'ombe. Ng'ombe wakikamatwa ndani kabla ya wakati, mwenye nao analipa mchenya, faini ya kimila, na zamani jambo zito lilipelekwa dagashida, baraza la jumuiya nzima. Mwenyekiti ananiambia asiyelipa hapelekwi polisi. Anaachwa. Akifiwa, hakuna anayekwenda kuchimba kaburi. Nimeandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Ripoti zangu zote za "ushirikishwaji wa jamii" hazikuwahi kuwa na kitu kikali namna hii ndani yake, na sijui kama ningethubutu kukipendekeza.

Usiku: matobolwa ya viazi vitamu na maziwa mgando. Nimelala kama mtoto.

Siku ya nne, Alhamisi

Leo nimekaa siku nzima kwa mama mmoja mjane, umri wa mama yangu mdogo, ambaye hana ng'ombe hata mmoja. Nilimwomba mwenyekiti anipeleke kwa mtu kama huyo kwa makusudi. Mwenye ng'ombe themanini atakusifia ngitili mpaka kuche. Nilitaka kumsikia asiye na mkia wa kushika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaandika nini hata kabla sijasema?"

Nikafunga daftari. Tukachambua choroko pamoja, na mazungumzo yakaja yenyewe. Alipoolewa hapa, alisema, kuni zilikuwa safari ya kutwa: unatoka kuku wanawika, unarudi jua la kichwa limepita, na mzigo wenyewe ni vijiti. Sasa matawi makavu anayaokota ngitilini, anakwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Ukwaju anauokota, anauza mnadani. Majani ya kuezekea anakata kwa ruhusa, ingawa biashara hiyo inakufa kwa sababu kila mwenye senti mbili anataka bati. Dawa za mizizi anazijua. Mjukuu wake aliumwa tumbo wiki iliyopita na hakwenda zahanati. Hapo mimi na yeye tukatofautiana, kwa adabu.

Nilikumbuka takwimu ninayoijua kwa kichwa, maana nimewahi kuinakili kwenye ripoti tatu. Utafiti wa ngitili uliochapishwa 2005, wa Wizara ya Maliasili na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ulipiga hesabu ya vyote hivi, kuni, majani, asali, dawa, matunda, ukapata thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo yalikuwa wastani wa dola 8.50. Nilimweleza kwa lugha nyepesi: wataalamu walikuta ngitili inampa kila mtu zaidi ya anachotumia.

Akasimamisha ungo.

"Kila mtu nani?"

"Wastani, mama. Wanajumlisha wote, wanagawa."

"Ngitili ya kijiji ni ya wote, hilo kweli. Ila majani yanaliwa kwa mdomo, mwanangu. Mimi mdomo ninao mmoja. Jirani yangu anayo themanini, na yote inameza."

Nimekaa na jibu hilo mpaka sasa ninapoandika, saa nne usiku, tochi kinywani. Hii ndiyo kasoro ambayo sikuwahi kuiandika. Ngitili imerudisha ardhi, na maskini wamepata kuni na muda, ambavyo si vidogo. Muulize yeyote aliyewahi kubeba mzigo wa kuni akiwa na mimba. Lakini mali yenyewe, inayogeuka kuwa ada ya chuo na tofali, inapita kwenye matumbo ya ng'ombe. Asiye na ng'ombe anapata makombo ya karamu anayoilinda. Maana kulinda analinda: mwanawe yumo sungusungu.

Kilichomwinua yeye ni vitu vingine viwili. Kwanza TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Yumo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kama mlengwa. Ruzuku inakuja kila baada ya miezi miwili, kwa masharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Kiasi ni kidogo, na wengi mjini wanakibeza. Yeye alianza kwa kununua majembe mawili na kuku sita. Msimu wa njaa akaingia pia kwenye ajira za muda, kuchimba lambo. Lambo hilo amenionyesha: liko mteremko mmoja chini ya ngitili, na Septemba hii bado lina maji ya kahawia katikati. Lile la kitongoji jirani, ambako juu yake pametifuliwa pote, limejaa tope na halina maji. Hakuna aliyelipanga hivyo kwenye karatasi, kwa anavyosema yeye. Walichimba mahali palipokuwa rahisi kuchimba.

Cha pili ni kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu. Wananunua hisa kila wiki, wanachanga mfuko wa jamii wa misiba na maradhi, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa huko, na ulipotufikia tukaubatiza jina letu. Mama hakuwahi kuisikia Niger. Aliniuliza kama huko nako kuna ng'ombe. Nikasema wapo wengi. "Basi watakuwa na shida zetu," akasema, akarudi kwenye ungo.

Kwa takwimu za taifa, walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Nimeitazama namba hiyo usiku huu kwa jicho jingine. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Asilimia inateremka ngazi moja huku nyumba inaongezwa ghorofa.

Siku ya tano, Ijumaa

Tumbo. Maji ya lambo yalinivutia kuliko akili ilivyonikataza. Mama yule kaja na kikombe cha mizizi yake iliyochemshwa, amesimama mlangoni mpaka nimemaliza, na hakusema neno kuhusu zahanati. Nami sikusema.

Siku ya sita, Jumamosi

Nimepona, na nimeamkia kwenye kesi.

Ng'ombe wa mtu mmoja walikutwa alfajiri ndani ya kipande cha mwisho cha ngitili ya kijiji, ambacho hakifunguliwi mpaka mwezi ujao. Mchungaji ni mtoto, labda miaka kumi na mbili, alisimama katikati ya watu akichora chini kwa kidole cha mguu. Mwenye ng'ombe ni tajiri wa hapa, na ana undugu na uongozi. Hii ndiyo sababu ya kuficha jina la kijiji. Alikuja na fedha za mchenya tayari mfukoni. Akazitoa kabla hajaulizwa, kama mtu anayelipa nauli.

Hapo mambo yakaharibika. Mzee mmoja alisema faini inayolipwa kirahisi hivyo imegeuka kuwa kodi ya majani, na ya bei nafuu. Mtu anapiga hesabu, anaona ni rahisi kuliko kununua pumba. Wakapiga makofi. Kisha akasimama kijana, fulana ya timu ya Ulaya, simu mkononi, na kusema jambo ambalo nadhani wengi walikuwa wamelibeba kimya. Yeye hana ng'ombe. Baba yake aligawa shamba kwa watoto sita. Sehemu ya ngitili iliyoshuka mpaka mbugani ingeota dengu, na dengu mnunuzi anaifuata hapa hapa kijijini. "Mimi nitakula majani?" akauliza. "Tugawane, kila mtu ajue chake, tuchukue hati za kimila, tulime."

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati hizo, na inaruhusu pia kijiji kuitunza ardhi kama mali ya wote. Kwa hiyo kijana hakuwa anasema upuuzi. Wazee walimjibu kwa historia ya njaa na vumbi, naye akawatazama kama mtu anayesimuliwa vita ambavyo hakupigana. Amezaliwa miti ikiwa imesharudi. Kwake yeye kichaka kile hakijawahi kuwa jangwa. Ni ekari ambazo hazimlipi.

Mimi, kama ningeulizwa (sikuulizwa, na ilikuwa vizuri), ningesema faini ihesabiwe kwa kichwa cha ng'ombe, na fedha hizo ziende kwa kaya zisizo na mifugo. Ningesema pia majani ya ngitili ya kijiji yauzwe kwa wenye mifugo, hata kwa bei ya heshima tu, yule mama naye apate fungu lake bila kuwa na mdomo wa ziada. Nilimnong'oneza mwenyekiti baadaye. Akaniangalia kwa upole wa mtu aliyepokea wageni wengi wenye mawazo. "Na mimi nitakayewatoza ndugu zangu, nitazikwa na nani?"

Kikao kilifungwa saa nane bila uamuzi juu ya kugawana. Mchenya ulipokelewa. Mtoto alirudi kuchunga.

Siku ya saba, Jumapili

Kurudi. Mama kanifungia michembe, viazi vitamu vikavu, kwenye kitambaa, nami nimemwachia tochi. Bodaboda, Noah, usiku mfupi Shinyanga mjini, na sasa basi tena. Kutoka dirishani nimejikuta nikifanya kazi moja tu: kutafuta mistari. Mahali fulani baada ya Tinde nimeuona mmoja, tupu huku, majani kule, na katikati hakuna kitu. Nikamwonyesha jirani yangu wa kiti. Akasema, "Pori."

Tumepita Igunga, basi likasimama pembeni kwa ajili ya mkaa. Magunia yamepangwa mstari, vichwa vimesukwa kwa majani na kamba. Abiria nusu wameshuka. Nyumbani tuna mtungi wa gesi, na serikali imeweka mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, ila maharage kwetu hayajawahi kuivia kwenye gesi. Simu ikatetemeka: "Umefika wapi? Mkaa vipi?"

Nikashuka. Muuzaji ni kijana wa rika la yule wa jana, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Mti gani huu?"

"Mgunga. Hauna cheche, mzee, chukua."

"Mmekata wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, kule nyuma ya magunia, ambako ardhi ilikuwa nyeupe. "Huko."

"Huko kwa nani?"

"Huko hakuna mwenyewe."

Utingo akaniuliza kama gunia liende kwenye buti au nalishika mwenyewe. Nikamwambia kwenye buti.